Nisaidieni wakuu: kampeni yetu imegeuka kesi ya nywele

Mpiga Debe: Wakuu, salaam. Nipo kwenye timu ya kampeni ya mgombea mmoja, kazi yangu ni kuandaa majibu ya maswali ya wapiga kura. Wapinzani wamevumisha kwamba mgombea wetu anavaa nywele za bandia. Basi, kila kikao ni nywele! Wenzangu wanataka tuitishe waandishi wa habari tukanushe, hotuba yetu kuhusu maji iahirishwe. Nikibisha naambiwa lisemwalo lipo. Nifanyeje?

Mzee wa Busara: Usithubutu kuitisha waandishi, mkuu. Mtakuwa mnawatangazia hata ambao hawakusikia. Waulize wenzako: hata ikiwa kweli, kuna bajeti, sheria au ahadi itakayobadilika? Kama hakuna, songeni na maji.

Binti Hoja: Naafiki, ila si kila uvumi wa kijinga una ujinga mtupu ndani. Agosti 2014 Obama alizungumza na waandishi kuhusu vita dhidi ya kundi la Dola la Kiislamu, watu wakabaki kujadili suti yake ya rangi ya kaki. Pale hapakuwa na kitu. Sasa tazama Nigeria. Ulivuma uzushi kwamba Buhari, rais wa wakati huo, amekufa na anayetawala ni mtu wa Sudan aitwaye Jubril. Kichekesho, lakini Desemba 2018, uchaguzi ukikaribia, Buhari mwenyewe alilazimika kukanusha akiwa Poland. Kwa nini ulishika? Mwaka 2017 alikaa London miezi kadhaa akitibiwa, na wananchi hawakuambiwa anaumwa nini. Jubril ni porojo. Afya ya rais ni hoja halali kabisa. Kwa hiyo chimba kwanza, ndipo upuuze.

Mpiga Debe: Nimechimba dada, chini ya nywele sijaona kitu.

Kidomodomo: Zimelipiwa na nani? Kama ni michango ya wafuasi, hiyo si porojo tena.

Mpiga Debe: Hela yake mwenyewe. Hesabu za michango napitia mimi.

Kidomodomo: Ahaa! Kumbe kweli anavaa 😂

Mzee wa Busara: Kidomodomo acha hizo. Mpiga Debe, hayo maji mnayaleta vipi, na kwa fedha zipi? Nywele umetueleza mpaka mwenye kuzilipia, maji umeyataja mara moja tu.