Joto la mjusi wa kufuga: litoke juu au chini ya tanki? Mi nasema juu, karibuni tubishane

Wakuu habari za jioni. Naomba hili tulijadili kwa uzito wake maana kuna wanyama wanaungua matumbo huku wenye nao wanadhani wanawatunza vizuri, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Nipo Minnesota, Marekani, huku baridi ya Januari haina mchezo, na wanangu wanafuga lepadi geko, yule mjusi mnene wa madoadoa, asili yake ni nchi kavu za Pakistani, Afghanistani na kaskazini magharibi ya India. Kwa wasiofuga niseme tu kwamba reptilia hatengenezi joto mwilini kama sisi, analichukua nje, na akikosa joto hata chakula tumboni hakisagiki. Ukishamfungia kwenye tanki la kioo basi joto ni juu yako, na ubishi ndo unaanzia hapo, taa ya juu au ule mkeka wa umeme unaobandikwa chini ya kioo.

Dukani tuliambiwa mkeka. Eti huyu ni mnyama wa usiku, haoti jua, anataka joto la tumboni asage chakula, taa ya nini. Nikabandika, nikachomeka ukutani moja kwa moja, habari ya themostati, kile kifaa kinachodhibiti joto lisizidi kiwango ulichopanga, hakuna aliyenitajia. Ndani tulikuwa na kipimajoto cha mshale, kile cha kunata kwenye kioo cha pembeni, kinasoma digrii 27 za Selsiasi, nikawa nalala na amani yangu. Wiki ya tano hivi mwanangu akaniita, baba njoo uone tumbo lake, nikamgeuza taratibu kiganjani, ngozi ambayo siku zote ni nyeupe kama maziwa ilikuwa na baka la waridi ukubwa wa kidole gumba, pembeni imekauka inajikunja kama karatasi iliyopitiwa na moto. Nikachukua ile bastola ya kupimia joto tunayotumia kazini, nikasogeza udongo pale alipokuwa analala nikaielekeza kwenye kioo, 47! Kipimajoto cha ukutani hakikuwa kibovu, kilikuwa kinapima hewa, na mnyama alikuwa amelalia kioo.

Sasa mtu atauliza mbona hakuondoka? Hapa ndo hoja yangu ilipo. Waliokulia Mwanza wanawajua wale mijusi wa kwenye mawe, dume kichwa chekundu mwili wa bluu, asubuhi yuko juu ya jiwe kajianika, jua likipanda likawa kali anashuka anajibana kwenye ufa chini. Duniani kote joto la mjusi linatoka juu, kwa hiyo akizidiwa anachojua ni kushuka, afukue au ajifiche chini ya kitu. Ukiweka mkeka umemgeuzia mambo, kila anavyofukua kutafuta ubaridi ndo anausogelea moto, na udongo ukiwa mzito juu yake joto halina pa kutokea, linarudi kwenye kioo. Pia wafugaji wengi wameona reptilia akilalia kitu kinachomuunguza polepole bila kushtuka kama ambavyo sisi tungeshtuka. Kwa hiyo tusiseme atahama mwenyewe.

Halafu mkeka haupashi hewa sana. Nyumba ikiwa na digrii 18 tumbo linaungua na pua inavuta baridi. Taa ya haloji inatoa ile infraredi fupi, yaani miale ya joto isiyoonekana kwa macho, inayopenya ndani ya mwili kama ya jua, mkeka unatoa ndefu tu inayoishia kwenye ngozi.

Nina rafiki yangu anafuga chatu wadogo wa Afrika Magharibi, wale wanaojiviringisha kama mpira, yeye ni mtu wa mkeka kabisa na tumebishana sana. Anasema taa inakausha hewa na chatu wake wanataka unyevu wa asilimia 60 kwenda juu, wakikosa wanajivua gamba vipande vipande. Kweli. Anasema amewahi kuona nyoka aliyejizungushia balbu isiyo na wavu akaungua mgongo wote. Kweli pia, na yule kaungua vibaya kuliko wangu. Na umeme, mkeka wake watti 8, taa yangu 75, bili siibishii. Yeye lakini ana themostati na kihisio chake kimekaa juu kabisa ya mkeka, anakipima kila wiki, na wengi tunaouziwa mikeka hatuambiwi hayo. Unyevu mi naona unatibika, unafunika sehemu ya wavu wa juu, unaweka udongo mzito unaomwagia maji, boksi la kujificha lenye mosi mbichi, ile mimea laini kama zulia inayoshika maji, basi.

Ile hoja ya mnyama wa usiku ndo inayoniudhi zaidi. Ni kweli jioni geko analalia jiwe la moto, lakini jiwe hilo nani kalipasha? Jua, kutoka juu, mchana kutwa, na chini ya jiwe hilohilo kuna ubaridi wa kukimbilia. Kwa hiyo saa hivi nimeweka kibamba cha jiwe bapa jeusi chini ya haloji yenye themostati ya kupunguza mwanga, juu ya jiwe nasoma 33, upande wa pili wa tanki 24. Jioni taa ikishazima anatoka anajilaza tumbo lote kwenye jiwe miguu kaitanua, joto la tumbo analipata bila mkeka wowote. Usiku nyumba ikishuka sana kuna balbu ya seramiki, inatoa joto bila mwanga. Vyote viko nje ya wavu asivifikie.

Baka limepona baada ya dawa ya kupaka kutoka kwa daktari wa mifugo na kujivua gamba mara tatu, alama imebaki.

Mnaotetea mkeka nawakaribisha kwa moyo mmoja, ila kabla hujaandika nenda kasogeze udongo pale anapolala, pima kioo chenyewe siyo hewa, uje na namba yako.