Bustani ipi ya umma inastahili safari kwa mpenda mimea?

Mkaazi wa Bukoba
Ndugu zangu, mwakani mimi na mke wangu tunakusudia kusafiri, na tungependa kutumia siku zetu nyingi katika bustani ya umma kuliko madukani. Ya Entebbe tunaifahamu, maana ni ya majirani zetu wa ziwa moja. Tunatafuta mahali ambapo mimea yenyewe ndiyo inayotazamwa, si taa wala sanamu, na ambapo mwenye magoti mabovu, kama alivyo mwenzangu, anaweza kutembea nusu siku bila kuteseka. Mngetushauri twende wapi, na mwezi gani?

Mtapo
Nendeni Kirstenbosch, Cape Town. Ilianzishwa mwaka 1913 kwenye mteremko wa mashariki wa Mlima Meza ili kutunza mimea ya asili ya Afrika Kusini, wakati ambapo bustani nyingi za makoloni zilikuwa zikishindana kukusanya mimea ya mbali. Agosti hadi Oktoba ndio wakati wa maua, lakini mimi ningeanzia kwenye mitapo, ile mimea ya kale inayofanana na minazi mifupi. Utafuteni uitwao Encephalartos woodii, uliozungushiwa vyuma kwa kuhofia wezi. Uligunduliwa mwaka 1895 katika msitu wa oNgoye, Natal, nao ulikuwa dume; jike halijapatikana hadi leo, kwa hiyo kila mmea wa aina hiyo uliopo duniani, pamoja na ule wa bustani ya Kew, London, ni chipukizi lililotokana na dume hilohilo. Hutoa koni kubwa za rangi ya chungwa zilizojaa chavua, na chavua hiyo haina jike wa kuipokea.

Bi Asumini
Watu watawatajia Keukenhof ya Uholanzi kwa sababu picha zake zimeenea kila mahali. Ni pazuri, sibishi, kwani kila mwaka hupandwa vitunguu vya maua vipatavyo milioni 7. Ila hufunguliwa takribani kuanzia katikati ya Machi hadi katikati ya Mei tu, na msongamano wake ni wa kituo cha daladala jioni. Mimi ningechagua Bustani ya Mimea ya Singapore, iliyoanzishwa mwaka 1859 na kuingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2015. Hufunguliwa saa kumi na moja alfajiri, hivyo mnaweza kumaliza matembezi kabla ya joto kupanda, na kiingilio hutozwa katika sehemu ya okidi pekee. Hapo ndipo Henry Ridley, aliyekuwa mkuu wa bustani hiyo, alipobuni njia ya kugema mpira bila kuuua mti.

Mwana wa Pemba
Nawashangaa kwa kuiruka Pamplemousses, Mauritius. Pierre Poivre, aliyekuwa mtawala wa Kifaransa kisiwani humo, alituma watu kuiba miche ya mikarafuu katika visiwa vya Maluku, ambako Waholanzi walikuwa wameihodhi, na mwaka 1770 miche hiyo ikafika. Kutoka Mauritius na visiwa jirani vya Bahari ya Hindi karafuu ilikuja Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 19, kwa hiyo sisi tulioanika karafuu kwenye majamvi tunaitazama bustani ile kwa jicho la pekee. Ardhi yake ni tambarare, na magoti ya shemeji yatashukuru. Bwawani mna mayungiyungi makubwa kutoka Amazon, yenye majani mapana kama sinia, kingo zake zimekunjwa juu na chini yamejaa miiba. Ua lake hufunguka jeupe usiku wa kwanza na kuwa la waridi usiku wa pili. Epukeni Januari hadi Machi, maana ni msimu wa vimbunga.

Mkaazi wa Bukoba
Ahsanteni. Mwenzangu ameshaipigia kura Mauritius. Je, ile mitende ya talipot tunayoisikia tutaikuta na maua?

Mwana wa Pemba
Hilo halipangiki, ndugu. Talipot huchanua mara moja tu, baada ya miongo kadhaa, kisha huzaa na kufa. Mkiukuta mmoja umechanua, mwite mlinzi wa bustani awaeleze, kisha mtuwekee picha hapa.