Mapenzi ya mizimu na majini kwenye muvi za Kichina: kati ya hizi nne tuanze na ipi?

Mama Tumaini
Habari zenu wadau. Naomba ushauri, Jumamosi wifi yangu anakuja kulala kwangu na tumepanga tuangalie muvi moja, moja tu maana bando ndo linaishia hapo, na tumekubaliana iwe ya Kichina, yale mapenzi ya binadamu na mzimu au nyoka au mbweha. Wifi ni mtu wa tamthilia, toka TBC walivyoonyesha Doudou na Mama Wakwe Zake mwaka 2011 akapenda vya Wachina, ila vya majini hajawahi kuona hata kimoja. Nimepewa majina manne: A Chinese Ghost Story ya 1987, Rouge ambayo nayo ni ya 1987, Green Snake ya 1993 na Painted Skin ya 2008.

Kuna moja niliiona nikiwa mdogo, kibanda umiza, Morogoro, mtafsiri anaongea juu kwa juu kwa hiyo maneno yao sikuyapata kabisa. Nakumbuka dada mmoja, nguo nyeupe ndefuuu zinapepea, kamficha kijana kwenye pipa la kuogea wenzie wanaingia chumbani, na kuna ulimi mkubwa unafukuza watu msituni. Nimekaa na huo mkanda kichwani miaka ishirini na kitu. Msinimalizie mwisho tafadhali, nataka tu kujua zinatofautianaje na ipi inafaa watu wawili wanaopenda kulia.

Mzee wa Deki
Dada Mama Tumaini, mkanda wako ni huohuo wa kwanza, A Chinese Ghost Story. Ya Hong Kong, kaiongoza Ching Siu-tung, Tsui Hark ndo prodyuza, steringi ni Leslie Cheung na huyo dada wa nguo nyeupe ni Joey Wong. Ulimi ni wa jini la mti, linamiliki roho za mabinti maana mifupa yao imezikwa kwenye mizizi yake, na linawatuma usiku wakavute wanaume.

Sasa huyo kijana, Ning, ni mkusanya madeni tu, fukara, mvua imemlowesha mpaka daftari la madeni wino umefutika kwa hiyo hawezi kumdai mtu, hana hela ya kulala gesti ndo anaenda kulala kwenye hekalu bovu ambalo watu wote wanaliogopa. Yaani hajaenda kutafuta mzimu, kaenda kutafuta pa kulala bure. Hapo ndo ninapoipendea. Na ile sehemu ya pipa umeikumbuka vizuri, binti kamzamisha kijana kwenye maji ili asionekane, kijana pumzi zinamwishia, binti anainamisha uso kwenye maji kama ananawa na kumpa pumzi mdomo kwa mdomo. Mzimu usiopumua unampa mtu pumzi! Nimeiona mara nyingi sana na bado pale huwa nasimama na kazi ninayofanya.

Anzeni na hii, msihangaike.

Binti wa Makorora
Mzee wa Deki nakuheshimu ila kwa wanawake wawili, mtu na wifi yake, Painted Skin ndo yenyewe. Sababu ni mke. Kwenye hizo nyingine kijana yuko peke yake, mzimu unakuja, wanapendana basi. Hapa jenerali ana mke ndani, Peirong, kacheza Zhao Wei, na mume anarudi kutoka vitani jangwani na binti waliyemwokoa huko, Xiaowei, kacheza Zhou Xun, kumbe ni mbweha kavaa ngozi ya mtu na anakula mioyo ya watu ili ile ngozi isiharibike. Mke anahisi. Kila mtu nyumbani anampenda mgeni, mpishi, askari, wote, na mke anaonekana ana wivu tu, anaonekana yeye ndo mbaya. Nani hapa hajawahi kuona nyumba ya hivyo?

Af Zhou Xun hapigi kelele, hatoi macho. Anamwuliza mke kwa upole kabisa kama angekubali kumwachia nafasi. Mi hapo mwili ulinisisimka kuliko ulimi wowote wa msituni. Na kuna jini jingine la mjusi linampenda huyo mbweha, ndo linamletea mioyo kila siku na yeye hata halitazami usoni. Yaani kila mtu mle ndani anampenda anayempenda mwingine. Ilipendwa mpaka wakatoa ya pili 2012, ile iliingiza zaidi ya yuan milioni 700 kwao China.

Msomaji wa Usiku
Naongezea kidogo maana watu wengi hawajui kwamba hizi mbili mnazobishania zimetoka kwenye kitabu kimoja. Kuna mwalimu aliitwa Pu Songling, wa Shandong, aliishi 1640 mpaka 1715, alifeli mitihani ya serikali tena na tena mpaka uzeeni, akawa anafundisha watoto wa matajiri majumbani mwao na usiku anaandika visa vya mizimu na mbweha, vinakaribia 500. Ndo maana kwenye visa vyake mwanaume mara nyingi ni kijana msomi, maskini, yuko mbali na kwao anasoma na taa peke yake, halafu mlango unagongwa. Huo ni upweke aliokuwa anaujua mwenyewe.

Ila Painted Skin ya kitabuni haina mapenzi kabisa dada. Ni mume kaokota msichana njiani kamficha chumba cha kusomea, siku moja anachungulia dirishani anaona zimwi la kijani, meno kama msumeno, limetandika ngozi ya mtu kitandani na linaichora kwa brashi ya rangi, likimaliza linaikung'uta kama mtu anavyokung'uta kanzu, linavaa, linakuwa msichana tena. Moyo wa mume unang'olewa, na mke ili mume afufuke inabidi ameze makohozi ya ombaomba mbele ya watu sokoni. Basi. Walioigeuza kuwa mapenzi ni watu wa filamu, wakalifanya zimwi kuwa mbweha, wakampa mke heshima yake. Mi naona waliboresha.

Na jamani tusiite vyote majini. Wachina wanatenganisha: mzimu ni mtu aliyekufa, halafu kuna mnyama au mti ulioishi miaka mingi mpaka ukapata uwezo wa kujigeuza mtu. Ghost Story na Rouge ni mizimu. Nyoka na mbweha ni hao wa pili. Tofauti ni kubwa kwenye mapenzi, maana mzimu alishakuwa mtu na anakumbuka, nyoka hajawahi, anajifunza.

Kaka wa Nakuru
Sasa huyo wa mwisho amenisaidia kusema nilichotaka kusema. Anayejifunza ndiye mtamu zaidi. Green Snake watu huikataa kwa sababu ya nyoka wenyewe, ni kweli yule nyoka anaonekana ni wa plastiki, sitabisha. Lakini mwangalie Maggie Cheung anavyotembea. Ni nyoka mdogo, amejizoeza miaka 500 tu wakati dadake ana 1,000, kwa hiyo miguu bado haijamzoea, anayumba, anajikunja kwenye nguzo, anateleza sakafuni, mpaka unaamini kabisa huyu mtu hana mifupa. Hakuna kompyuta hapo, ni mwili wake tu.

Kisa chenyewe ni cha Nyoka Mweupe, kisa cha zamani sana cha Hangzhou, pale ziwani kuna daraja na kuna mnara wa Leifeng ambao kisa kinasema nyoka alifungiwa chini yake, na mnara wenyewe ulianguka kweli mwaka 1924 wakaujenga tena, ukafunguliwa 2002. Kila Mchina anajua kisa. Tsui Hark akaamua kukisimulia kwa macho ya mdogo mtu, yule anayeuliza mbona wanadamu wanatoa maji machoni. Swali hilo analibeba filamu nzima. Siendelei, mama amekataza.

Mwana wa Unguja
Assalaam aleykum. Mie nilikuwa siziangalii hizi kwa sababu kwetu ukisikia jini mahaba ujue kuna mtu kaharibikiwa, ndoa hazikai, haoi haolewi, watu wanakwenda kusomewa. Jini ndiye mwenye nguvu na mwanaadamu ndiye anayeumia. Kumwona mtu anampenda jini kwa hiari yake ilikuwa nzito kwangu.

Lakini nilipokaa nikatazama, nikaona mambo yao yamepinduka. Anayeogopa ni jini. Nie Xiaoqian, yule binti wa nguo nyeupe wa Ghost Story, anaogopa mti, anaogopa alfajiri, anaogopa kuozeshwa kule kuzimu. Nyoka anaogopa mtawa Fahai. Yule mwanaadamu mnyonge, asiyejua hata kupigana, ndiye anayempa jini pa kujificha. Wallahi hilo ndilo lililonishika. Halafu jua likitoka hadithi imekwisha, kwa hiyo kila usiku wanahesabu. Mapenzi yana saa.

Mama Tumaini
Mwana wa Unguja umeniliza hata muvi sijaweka. Asanteni. Mbona Rouge hakuna anayeigusa?

Dogo Janja wa Mbezi
Mama angalia tamthilia ile ya 2017 ya miungu na mapichi, ya Yang Mi, episodi 58, mavazi hatari!

Binti wa Makorora
Mdogo wangu kasema bando la muvi moja.

Mzee wa Deki
Rouge ni nzuri kuliko zote nne na ndo sababu sikuitaja. Haina ulimi, haina kuruka, haina upepo. Anita Mui ni mwanamke wa danguro la Hong Kong ya zamani, kapendana na kijana wa familia tajiri, familia imekataa, wakakubaliana wafe pamoja kwa kumeza afyuni. Kafa 1934. Huko ahera kamngoja mwenzie, hakumwona. Basi karudi 1987, miaka 53 imepita, kavaa gauni lake lilelile, anaingia ofisi ya gazeti anataka tangazo la kumtafuta mtu. Mji wote umebadilika, anatembea barabarani hajui yuko wapi. Mwandishi na mchumba wake wanamsaidia, halafu hao wawili wanaulizana, we ungekufa kwa ajili yangu? Na jibu wanalopeana ni la kweli kabisa.

Kijana ni Leslie Cheung yuleyule. Yeye na Anita Mui walikuwa marafiki wakubwa na wote wamefariki mwaka mmoja, 2003, yeye Aprili na Anita Desemba. Mi siwezi kuitazama bila kufikiria hilo. Kwa hiyo nasema isiwe ya kwanza. Anzeni na inayowapa usiku mzuri, hii muwekeeni siku mkiwa hamna mgeni na watoto wamelala.

Mama Tumaini
Jumapili hii, narudi na majibu. Tuliweka A Chinese Ghost Story. Naongelea mwisho kwa hiyo ambaye hajaona aruke.

Ulimi nimeuona, ni mdogo kuliko nilivyoubeba kichwani. Pipa ni lilelile, na safari hii nimewasikia wanachosema. Lakini kibanda umiza sijui walikata au nilikuwa nimesinzia, ule mwisho sikuwa naujua kabisa. Alfajiri inaingia, jua likimgusa binti basi amepotea, na Ning kakandamiza ubao wa dirisha kwa mikono miwili kuzuia mwanga mpaka binti arudi kwenye chungu cha majivu yake akazaliwe upya. Kampa mgongo. Binti yuko nyuma yake anamuaga na yeye hawezi kugeuka.

Wifi akaruka kitini, "si ageuke amwone hata mara moja!" Nikamwambia akigeuka ubao unaachia. Akakaa. Hatukuongea mpaka majina yameisha yote yanapita, nikaenda jikoni kuchemsha chai, niliporudi akaniambia Jumamosi ijayo bando ni lake, na tunaweka ile ya mke na mbweha.