Tupeane uzoefu: kuanzisha ligi ya tenisi mtaani

Mleta mada, Dar es Salaam
Ndugu zangu, salaam. Mwaka jana tulianzisha ligi ya watu 12 kwenye kiwanja kimoja cha kukodi, tukakubaliana kwa shangwe kwamba kila mtu atacheza na kila mwenzake. Hakuna aliyepiga hesabu kwamba hizo ni mechi 66, ilhali kiwanja tulikipata Jumamosi asubuhi tu. Masika yalipoanza tulikuwa tumecheza 19, na msimamo wa ligi niliokuwa nimeubandika kwenye nguzo ya wavu ukachanwa na mvua. Walioendesha ligi ikafika mwisho, mlipangaje ratiba?

Mchangiaji, Nairobi
Pole sana, ndugu. Nasi tuliangukia shimo hilohilo, ndipo tukawagawa wachezaji 12 katika makundi matatu ya watu wanne, kila kundi mechi 6, hivyo jumla zikawa 18 badala ya 66. Baada ya wiki sita anayeongoza hupanda kundi la juu na wa mwisho hushuka. Mshindi hupata alama mbili, na aliyeshindwa hupata moja kwa sababu amefika uwanjani. Mechi isiyochezwa haimpi mtu kitu. Alama hiyo moja, kwa maoni yangu, ndiyo iliyoiokoa ligi yetu, kwani hata anayejua atafungwa huja. Kila mmoja akishinda seti moja, hatuchezi seti nzima ya tatu, bali hucheza hadi pointi 10, kwa tofauti ya pointi mbili.

Mchangiaji, Mombasa
Kwetu ratiba haikuwa tatizo. Ugomvi ulikuwa mistari. Hatuna mwamuzi, hivyo kila mchezaji huamua mipira ya upande wake, na mpira wenye shaka huhesabiwa kuwa umeingia. Lakini rangi ilikuwa imefifia kiasi kwamba kila mpira ulikuwa na shaka! Mzee mmoja wetu alikuja na kamba ya katani na chaki, tukapima upya mita 23.77 kwa 10.97, tukapaka rangi siku nzima juani. Nawashauri pia mfungue kopo jipya la mipira kila mechi ya kupanda daraja, maana mpira wa zamani haudundi.

Mleta mada
Ahsanteni, ndugu yangu wa Nairobi na dada wa Mombasa. Jumamosi tuligawana makundi. Mimi nimeangukia la chini.