Marekani ya kujitenga 1940: Lindbergh, Taft au Wheeler?

Mzee wa Ramani: Wakuu, tuseme Rais Roosevelt hakugombea muhula wa tatu, na Ikulu ikaangukia kwa mtu asiyetaka kusikia habari za vita vya Ulaya. Ninao watatu: Charles Lindbergh, yule rubani aliyevuka Atlantiki peke yake 1927, Seneta Robert Taft wa Ohio, na Seneta Burton Wheeler wa Montana. Nani angeipindua historia zaidi?

Binti Kigoma: Lindbergh ana jina tu. Kujaza viwanja si sawa na kuliendesha Bunge. Halafu mdomo wake! Septemba 1941 pale Des Moines aliwataja Wayahudi kati ya wanaoisukuma nchi vitani, hata baadhi ya wenzake wakamruka futi mia.

Kapteni: Dada, kuna madhara ya rais kutofanya kitu. Aprili 1941, Waitaliano walipozidiwa Eritrea na Ethiopia (KAR, askari Waafrika wa jeshi la Waingereza Afrika Mashariki, walikuwemo kwenye vita hivyo), Roosevelt aliiondoa Bahari ya Shamu kwenye maeneo ya vita, meli za Marekani zikaruhusiwa kufika Suez. Lindbergh asiposaini tangazo lile, Waingereza walioko Misri wanapata wapi shehena?

Mzee wa Ramani: Ndiyo maana mimi namwogopa Taft. Hana mbwembwe, ila sheria anazijua kifungu kwa kifungu. Kuwakopesha Waingereza silaha alikufananisha na kukopesha bigijii: ikishatafunwa, nani anaitaka tena? Na hakuwa mbali. Philadelphia 1940, Willkie alimpiku kwenye uteuzi wa Republican raundi ya sita.

Mtu wa Pwani: Wheeler mnampita hivihivi? Yule ni Democrat kama Roosevelt, angeibomoa kambi ya Roosevelt kutokea ndani. Agosti 1941 muswada wa kuwaongezea muda askari walioandikishwa ulipita Baraza la Wawakilishi kwa 203 dhidi ya 202. Kura moja! Rais Wheeler angewageuza wabunge kumi kabla ya chai.

Binti Kigoma: Na shambulio la Japani pale Pearl Harbor, Desemba 1941? Taft alipiga kura ya vita dhidi ya Japani, na Wheeler naye akaviunga mkono.

Kapteni: Japani ilishambulia baada ya kukatiwa mafuta na Marekani kiangazi cha 1941. Taft akiyaacha yatiririke, Tokyo inaharakia nini?

Binti Kigoma: Inamalizana na China kwanza, kwa mafuta ya Marekani. Hiyo ndiyo amani ya Taft? Haya, chora ramani ya Asia ya 1943 tuanzie hapo.