UZI WA MALALAMIKO: Mbunge hazoi taka! Mombasa tuache kuuziwa kazi isiyokuwa yake

Jamani watu wa Mombasa, inatosha. Wanaotaka ubunge wazunguka kutoka Likoni mpaka Kisauni na ahadi ni zile zile: nitaondoa jaa la taka, nitaleta dawa kwenye zahanati, nitatia lami barabara ya mtaani. Na watu wapiga makofi! Hakuna hata moja katika hizo iliyo kazi ya mbunge. Fungueni Jedwali la Nne la Katiba muone: taka, zahanati, barabara za kaunti na chekechea ziko upande wa kaunti. Taka za Kongowea muulizeni gavana, na muulizeni mwakilishi wadi wenu. Kaunti hii ina wadi 30, kwa hivyo yupo karibu. Anayeomba ubunge kwa kuahidi dawa, ama haijui kazi anayoiomba, ama aijua na amewaona nyinyi ni wa kudanganywa. Mimi sioni lililo afadhali.

Kazi yake imeandikwa kwenye kifungu cha 95: kutunga sheria, kugawanya mapato kati ya serikali kuu na kaunti, kuidhinisha matumizi, na kuisimamia serikali. Kwa maneno ya sokoni, yeye ndiye anayesema "ndio" au "la" kodi ikitaka kupanda.

Chukueni Sheria ya Fedha ya 2023. VAT ya mafuta ilitoka asilimia 8 ikawa 16. Sasa mtazameni mwenye tuktuk. Tuseme bei ya petroli kabla ya VAT ni shilingi 150 kwa lita. Zamani VAT yake ilikuwa shilingi 12, sheria hiyo ikaifanya 24. Akichoma lita 5 kwa siku, ni shilingi 60 za ziada kila siku anayoingia barabarani. Mtu huyu akipewa noti ya mia tano usiku wa kuamkia kura, imekunjwa mara nne na kutiwa kiganjani, siku ya tisa ishakwisha. Halafu anaendelea kulipa miaka mitano. Na kupokea pesa hizo ni kosa kama kuzitoa. Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 yawabana wote wawili.

Kwa hivyo kabla hamjamrudisha mtu bungeni, tafuteni alivyopiga kura. Tarehe 25 Juni 2024, Mswada wa Fedha ulipofika hatua ya mwisho, 195 walisema ndio na 106 wakasema la. Hao ni 301. Bunge la Taifa lina wabunge 349, bila kumhesabu Spika. Wako alikuwa upande gani? Na kama hayumo kwenye hesabu hiyo, alikuwa wapi siku ile? Hansadi, kumbukumbu rasmi za mijadala, iko kwenye tovuti ya Bunge, ya bure, na ukiifungua ya siku hiyo utaona nani alisema nini. Mzalendo, shirika linalofuatilia kazi za Bunge, nao hutoa ripoti ya kila mwaka ya wabunge wanaozungumza na wasiofungua mdomo. Lakini msikomee kuhesabu maneno, kuna anayesimama kila wiki kutoa salamu za rambirambi tu. Ulizeni yuko kwenye kamati gani, maana mswada huchambuliwa kwenye kamati, ukifika ukumbini mengi yashaamuliwa.

Hapa Mombasa jambo la kamati lina uzito wake. Bandari ni ya serikali kuu. Mwaka 2019 makontena yalipolazimishwa kupanda reli ya SGR kwenda kutolewa bara, walioumia ni madereva wa lori, makarani wa kliaringi na mama ntilie wa Changamwe, Magongo na Miritini. Agizo hilo liligeuzwa Septemba 2022, kwa kauli ya rais mpya. Kilichopangwa kwa agizo chaweza kupanguliwa kwa agizo. Mwulizeni kila anayeomba kura Changamwe au Jomvu: utaingia Kamati ya Uchukuzi na Miundombinu? Utapeleka mswada gani ili jambo hili lisimame kwa sheria? Akianza kusema habari za mpira na jezi, mwondokeeni.

Sasa basari. Hili ndilo linaloniuma zaidi. Mzazi apewa hundi ya elfu chache, asimamishwe mbele ya kamera ashukuru, kana kwamba mheshimiwa ametoa mfukoni. Hizo ni kodi zenu! Zatoka NG-CDF, mfuko wa maendeleo ya maeneo bunge, ambao watengewa si chini ya asilimia 2.5 ya mgao wa mapato ya serikali kuu, na eneo bunge moja hupata zaidi ya shilingi milioni 100 kwa mwaka. Mahakama Kuu yenyewe, Septemba 2024, iliamua kwamba sheria ya mfuko huo yakiuka Katiba. Mtu asiwajengee kampeni nzima juu ya mfuko uliowahi kutiwa msumeno na mahakama.

Na kama anajisifia madarasa, someni ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali kuhusu eneo bunge lenu. Ziko mtandaoni, kila eneo bunge na yake. Anzieni kwenye maoni ya mkaguzi kwanza: hati safi, hati yenye dosari, hati mbaya, au mkaguzi amekataa kutoa maoni kwa kukosa vielelezo. Kisha tafuteni miradi iliyolipiwa na haikukamilika, mwende mkaione. Mara nyingi mtakuta ubao mkubwa wenye picha ya mheshimiwa, na nyuma yake kuta mbili zilizoishia kwenye lenta. Ripoti ikikosekana, andikeni barua ofisi ya mfuko mkitaja Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Wana siku 21 kujibu.

Jambo jingine, suti. "Piga suti, juu mpaka chini chama kimoja." Mbunge hahitaji nusu ya kura, wala asilimia fulani. Anayeongoza hata kwa kura moja ndiye. Watu wanane wakigawana kura, mmoja anaweza kuingia na robo, na wengi wenu hamkumtaka. Mombasa 2022 tulikuwa na wapigakura zaidi ya 640,000 waliojisajili na wengi hawakufika kituoni. Hapo suti ya wachache ndiyo inayowachagulia wote.

Na karatasi ya zambarau! Watu huitia alama bila kutazama jina. Mwakilishi wa wanawake anakaa Bunge lile lile, ana kura ile ile kwenye Mswada wa Fedha. Maeneo bunge yetu ni sita, kura zetu ukumbini ni saba. Mmoja kati ya saba mnamchagua kwa kubahatisha.

Wanaosema "akituudhi tutamrudisha nyumbani": kifungu cha 104 chatoa haki hiyo, lakini taratibu zake kwenye Sheria ya Uchaguzi ziliangushwa na Mahakama Kuu 2017. Hakuna mbunge aliyewahi kuondolewa hivyo. Mkishamweka, mmemweka mpaka muhula uishe.

NYONGEZA, kuhusu siku yenyewe ya kupiga kura (10 Agosti 2027): mbunge ni karatasi ya kijani, itieni kwenye sanduku lenye kifuniko cha kijani. Alama moja tu, mbele ya jina moja. Ukiweka mbili, au ukiandika jina lako, imeharibika. Ukikosea kabla hujatumbukiza, irudishe kwa msimamizi wa kituo upewe nyingine, usione haya. Tazameni picha na jina kabla ya alama. 2022 kura ya ugavana ya Mombasa iliahirishwa hadi 29 Agosti kwa sababu karatasi zilichapishwa na makosa. Saa kumi na moja jioni ukiwa kwenye foleni, unapiga, msikubali kufukuzwa. Baada ya kuhesabu, Fomu 35A, yaani ya matokeo ya ubunge ya kituo, hubandikwa mlangoni. Ipigeni picha, namba zote na sahihi za mawakala zionekane, kisha mlinganishe na 35B ya eneo bunge. Zikitofautiana, kesi hufunguliwa ndani ya siku 28 tangu mshindi kutangazwa. Ya 29 haipokelewi.