Mjadala: Linta ya mzunguko iwe lazima Kagera, au tunaogopa tetemeko ambalo halirudi?

Mleta mada, Bukoba Mjini

Wakuu, salaam. Kila Septemba ikifika watu wanarusha tena picha za shule ya Ihungo ilivyobomoka, wanapeana pole, kisha kimya mpaka mwaka unaofuata. Safari hii naomba tubishane kuhusu linta ya mzunguko, yaani mshipi wa zege lenye nondo unaozunguka kuta zote juu ya milango na madirisha.

Kwa ambao hawakuwepo: Jumamosi tarehe 10 Septemba 2016, saa tisa na nusu hivi alasiri, tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilitupiga. Kitovu kilikuwa upande wa Missenyi, karibu na mpaka wa Uganda. Watu wasiopungua 17 walifariki, mamia wakaumia, maelfu ya nyumba zikaanguka au kupasuka. Shule za Ihungo na Nyakato zikafungwa. Ihungo baadaye ilijengwa upya kwa msaada wa Uingereza. Mwananchi wa kawaida alijijengea mwenyewe, na wengi walirudishia tofali zile zile kwa udongo ule ule.

Ukiuliza kwa nini, unajibiwa: "Limeshapita hilo. Likirudi sisi hatupo." Mwingine anakwambia hapa si Japani. Ni kweli, na ndipo shida ilipo. Japani bamba la Pasifiki, yaani kipande kikubwa cha ganda la dunia, linajisukuma chini ya nchi yao kwa sentimita kama 8 kila mwaka. Ufa unaojulikana unabanwa, unaachia, unabanwa tena. Ndani ya bara mwendo ni mdogo mno, na ufa unaweza kulala miaka elfu na zaidi huku mwingine usioujua ukiamka. Wanasayansi wa matetemeko Mian Liu na Seth Stein waliangalia kumbukumbu za China Kaskazini za miaka 2,000 hivi, wakaona matetemeko makubwa, ya 7 kwenda juu, hayakurudia kipande kile kile cha ufa hata mara moja. Yanahama. Mwaka 1976 lilitokea Tangshan, huko huko China Kaskazini, hesabu rasmi ya waliokufa ikawa zaidi ya watu 240,000.

Sasa kuna anayesoma habari hiyo na kusema: basi limehama, tumepona. Mimi nasema kama hujui litaibukia wapi, acha kuhangaika na ufa, shughulika na ukuta. Pendekezo langu: linta ya mzunguko iwe lazima kwa kila nyumba mpya ya tofali Kanda ya Ziwa, mjini na kijijini. Nimesema lazima. Karibuni.

Mchangiaji, Sumbawanga

Mkuu, hoja yako nzuri ila anwani umekosea. Desemba 1910 huku Rukwa lilitokea la 7.4, kati ya makubwa kabisa Afrika kwa karne ile yote. Tarehe 5 Desemba 2005 Ziwa Tanganyika lilitoa la 6.8. Toro, Uganda, mwaka 1966 walikufa watu zaidi ya 150. Hayo yote yamejipanga kwenye mkono wa magharibi wa Bonde la Ufa. Nyie mko katikati, kati ya mkono wa magharibi na wa mashariki. Serikali haina fedha za kukagua nyumba za nchi nzima, kwa hiyo ianzie penye rekodi: Rukwa, Katavi, Kigoma, Mbeya. Kagera isubiri foleni.

Mleta mada

Foleni hiyo India waliipanga. Latur, jimbo la Maharashtra, ilikuwa kwenye kanda ya chini kabisa ya hatari katika ramani yao rasmi. Alfajiri ya tarehe 30 Septemba 1993, watu wamelala, likaja la 6.2. Walikufa karibu 10,000. Nyumba zilikuwa za mawe yaliyounganishwa kwa udongo, na juu paa la mbao lililobebeshwa udongo mzito. Mwaka 2002 wakaifuta kabisa ile kanda ya chini kwenye ramani. Kwa hiyo usinipe ramani kama kinga.

Muuguzi, Mwanza

Naomba niseme lisilopendeza. Ninakofanya kazi naona wanaoletwa: malaria, bodaboda, akina mama waliochelewa kufika. Waliokufa Kagera ni ndugu zetu, sijawasahau. Lakini ukimlazimisha mjane wa Muleba anunue nondo, fedha hiyo inatoka kwenye ada au kwenye nauli ya hospitali. Huyo huyo Stein uliyemtaja amebishana miaka na wenzake kuhusu Memphis, mji wa Marekani ulio karibu na eneo la matetemeko la New Madrid, kwa hoja kama yangu. Vipimo vya satelaiti eneo la New Madrid vinaonyesha ardhi inasogea chini ya milimita 0.2 kwa mwaka, karibu na sifuri. Akauliza kwa nini majengo ya Memphis yafuate masharti yanayokaribia ya California, kwenye matetemeko ya mara kwa mara, wakati fedha hiyo ingeokoa watu wengi zaidi kwingine. Hilo swali linajibiwa kwa hesabu, si kwa picha za Ihungo.

Mwalimu wa jiografia, Karagwe

Dada, umetoa nusu ya ubishi wao, nami nitoe nusu ya pili. New Madrid ilipigwa na matetemeko makubwa kati ya Desemba 1811 na Februari 1812, katikati kabisa ya Marekani, mbali na ukingo wowote wa bamba. Ardhi ilizama hata Ziwa Reelfoot likaenea Tennessee. Watafiti walichimba mitaro kwenye mashamba ya pale, wakakuta michirizi ya mchanga mweupe imepenya udongo mweusi kutoka chini. Ndivyo mchanga uliolowa maji unavyorushwa juu ardhi ikitikisika sana. Kwa vigae vya vyungu vya wenyeji wa kale na mkaa uliokutwa humo, wakajua yalishawahi kutokea mengine kama hayo yapata mwaka 1450 na mwaka 900. Ndiyo maana USGS, shirika la serikali ya Marekani la jiolojia, haikukubali kwamba pamekufa. Makadirio yao ni uwezekano wa asilimia 7 hadi 10 ndani ya miaka 50 kwa makubwa kama yale.

Tazameni basi: pande zote mbili ni wanasayansi wazito, ardhi ni ile ile, majibu mawili. Sisi hapa nani amechimba mtaro Missenyi?

Fundi, Muleba

Mimi sina digrii, naomba niongelee ukuta. Baada ya 2016 nimerudishia nyumba nyingi, na zilipasuka kwa namna moja. Kwanza, ule ukuta wa pembetatu unaopanda kushika paa huanguka wote, maana juu yake hakuna kinachoushika. Pili, pembe za nyumba zinaachana kama kurasa za daftari lililochanika. Ukichungulia unakuta kozi, yaani safu za tofali, hazikuingiliana, kila ukuta umesimama peke yake.

Na linta mnayoisema, wengi wanayo, ila ni ya vipande, juu ya mlango na dirisha tu. Hata wanaozungusha, nondo zinakatwa pembeni pale ukuta unapoishia, kwa sababu mwenye nyumba amebana. Hiyo ni sawa na bure. Nondo inatakiwa ikunjwe ipite pembe, ilale juu ya mwenzake futi mbili hivi, ndipo ufunge kwa waya. Nyumba ya vyumba vitatu inakula nondo za milimita 10 kama ishirini, bila kuhesabu ringi za kuzishika. Kwa mjane ni nyingi, dada yuko sahihi. Lakini pembetatu ya tofali unaweza kuiacha kabisa, ukapaua paa la kuteremka pande zote nne. Utaongeza mbao na bati kidogo, tofali utapunguza. Na kupishanisha kozi kwenye pembe hakuna gharama yoyote, ni fundi kuacha uvivu.

Muuguzi, Mwanza

Fundi, hapo umenipata. Vya bei ndogo viwe lazima, nakubali. Nondo ziwe kwa shule, zahanati, makanisa na misikiti, kule wanakojaa watu wengi. Nyumba ya mtu binafsi aachiwe aamue.

Mleta mada

Aachiwe? Aliyelala ndani ni mtoto, hakuamua yeye. Halafu lile la 2016 lilikuja mchana wa Jumamosi, wengi wakiwa nje. Lingekuja usiku kama la Latur tungekuwa tunahesabu vingine. Nyumba ya kulala ndiyo ya kwanza, si ya mwisho.

Mchangiaji, Sumbawanga

Kwa hili la kupishanisha kozi na paa la pande nne nimelegeza, lianze mikoa yote, Kagera ikiwemo. Nondo bado nasema ni Rukwa kwanza. Ila fundi, nijibu: kijijini hakuna anayeomba kibali cha ujenzi. Nani atapanda ngazi kuangalia pembe kabla zege halijamwagwa?

Fundi, Muleba

Mtendaji wa kijiji hawezi, hajui anachokitafuta. Tufundishwe sisi mafundi, tupewe vyeti, na nyumba ikianguka jina la fundi lijulikane. Mafundi wengi hawatapenda hilo, nawaambia mapema.